Nilisimamisha turubai barazani nipime kivuli, mtaa mzima ukaja kumzika mama yangu aliye hai

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kibiti na sijaongeza chumvi hata punje. Atakayesema ni chai aje aulize mtaani kwetu, bado wananicheka mpaka leo.

Kwanza mjue kazi yangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Yaani mtu anayeuza mabati na misumari ndiye aliyeshindwa kuezeka baraza lake mwenyewe. Haya, chekeni, tuendelee.

Nyumba yangu ni nzuri, tatizo baraza la mbele nililiacha wazi na linaangalia magharibi. Kuanzia saa nane mchana hapakaliki. Sisi tulishazoea, tunajifungia ndani na feni.

Kasheshe ilianza nilipomleta bi mkubwa, yaani mama yangu, kutoka Umwe. Presha ilikuwa inamsumbua, na kule kijijini akipata nafuu kidogo tu anaacha dawa. Nikamwomba akae kwangu, kliniki iko karibu na mke wangu Zuhura atamwangalia. Akakubali kwa shingo upande.

Sasa mama yangu anasuka mikeka. Hawezi kukaa mikono mitupu. Alikuja na ukindu mwingi kuliko nguo.

Kwa wasioujua, ukindu ndiyo yale majani ya kusukia mkeka, na una masharti yake. Ukikauka unakatika. Lazima uwe na unyevu, na anayesuka akae kivulini penye upepo.

Ndani hataki, anasema feni inamkausha macho na hakuna mtu wa kumsalimia. Nje jua linawaka. Wiki ya pili nikamsikia akimwambia Zuhura kuwa Jumamosi anarudi kwake.

Baba tulimpoteza kwa presha hiyo hiyo, kwenye nyumba hiyo hiyo ya Umwe. Mama akirudi kule nilijua dawa zitakaa kabatini mpaka ziote vumbi.

Nikajiapiza kwamba kabla ya Jumamosi baraza litakuwa na kivuli.

Mnadhani nilimuuliza yeye anataka kivuli cha aina gani? Thubutu. Niliingia mtandaoni. Nikaona picha za majumba ya watu huko Ulaya, baraza limeezekwa bati la plastiki linalopitisha mwanga, chini yake kochi jeupe na maua. Nikasema hii hii.

Dukani nilikuwa nalo, limekaa mwaka mzima halina mteja. Mwenye akili angejiuliza kwa nini halina mteja. Mimi nilikuwa na haraka.

Fundi Seleman, fundi wangu wa siku zote, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia yeye apigilie tu, maswali aniachie mimi.

Jumanne mchana mama akakaa chini ya lile plastiki. Dakika kumi nyingi. Jua lilikuwa linapita lote na joto halitoki, jasho linamtiririka, ukindu unamkatikia mkononi. Alikusanya vitu vyake akaenda kukaa uani, kwenye kakivuli ka jiko la kuni. Wakuu, kimya cha mama yangu ni kibaya kuliko matusi ya mtu mwingine.

Zuhura ndiye aliyenipasulia. Alisema nimemwanika mama yangu kama ufuta.

Nikaling'oa lote jioni ile ile. Seleman akashauri tupige bati la kawaida, nikakataa. Bati nalijua mimi, mchana ni moto mtupu na mvua ikinyesha hamsikilizani. Ndipo nikapata wazo nililoliona la kitaalamu sana: kwanza tupime kivuli kinaangukia wapi, ndiyo tuamue cha kuezekea.

Na cha kupimia? Turubai.

Naona wa Pwani mmeshaanza kushika vichwa.

Alhamisi asubuhi sikufungua duka. Nikaenda kwa jamaa mmoja anayekodisha vitu vya shughuli. Akaleta turubai lile kubwa la mistari na vyuma vyake, akashusha na viti, akavipanga kabisa. Nikamwambia viti sihitaji, akasema turubai lake halijawahi kutoka bila viti. Nikaona isiwe tabu.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya jirani. Duka limefungwa. Bibi mwenye presha hajaonekana barazani siku mbili. Turubai limesimama, viti vimepangwa, na hakuna aliyepata kadi ya harusi. Wewe ungefikiria nini?

Mie nimechuchumaa zangu sakafuni na chaki, nachora mstari wa kivuli. Akaja mzee Mkumba, jirani yetu, na kanzu yake. Akanishika bega, akaniambia nijikaze. Nikamjibu kweli nimehangaika wiki nzima, ila nashukuru leo tunamaliza.

Akanitazama vibaya kidogo. Kisha akauliza ni adhuhuri au alasiri. Nikamwambia alasiri, maana ndiyo jua lake kali.

Mzee akaenda kukaa kwenye kiti.

Wakaja wengine. Wanaume na kofia zao wakajaza viti, wawili nikawasikia wanaulizana majembe yako kwa nani. Nikadhani wamekuja kupunga upepo, nikafurahi moyoni kwamba kivuli kimekubalika. Jamani, mimi!

Nilishtuka walipotokea akina mama, wengine na mchele, wengine na kuni, wanalia. Mbele yao Mama Hidaya wa nyumba ya ng'ambo, analia kuliko wote. "Bi mkubwa wetu ametutoka, na mkeka wangu niliomwagiza sitauona tena!"

Hapo chaki ilinidondoka.

Kabla sijafungua mdomo, mama akatokea mlangoni kutoka uani, miwani puani, mkononi ana ukili, ule utepe wa ukindu uliokwisha kusukwa.

"Mama Hidaya, mkeka wako umebaki kushona tu."

Mwanamke mmoja alitupa ungo wa mchele akakimbia hadi barabarani. Mzee Mkumba alisoma kila dua aliyowahi kufundishwa chuoni. Mama Hidaya alikaa chini palepale, akashindwa kulia na kunyamaza.

Nilipoeleza kwamba nilikuwa napima kivuli, nilisemwa na mtaa mzima, mpaka na watu nisiowajua. Mzee Mkumba alisema amezeeka hajaona mtu anayesimamisha turubai bila kutangaza kuna nini. Niliona aibu, natamani ardhi inimeze.

Ila mama alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Tangu atoke Umwe sikuwahi kumsikia akicheka.

Mchele ukishafika haurudi, ukapikwa. Wakamsomea dua ya umri mrefu. Kisha akina mama wakatandika majamvi chini ya turubai na kuushona ule mkeka pamoja naye. Upepo unapita, ukindu umefunikwa kitambaa kibichi, hakuna kilichokatika.

Jioni Seleman akauliza vipimo vya kivuli. Nikamwambia mita mbili kwa mbili, panamtosha mtu mmoja.

Mama akasema bila kuinua macho, "Cha watu kumi. Makuti. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekwambia."

Nikajikaza nikamuuliza kuhusu Jumamosi.

"Jumamosi wenzangu wanakuja kusuka," akasema. "Niende wapi?"

Wakuu, niliingia ndani nikajifanya natafuta futi ya kupimia.

Tukaezeka makuti juu ya nguzo za mikoko, zilizokatwa kwa kibali kabisa, msije mkanitafuta. Upande wa magharibi tumeyashusha chini kukata jua, upande unakotoka upepo wa kusi uko wazi. Dawa anakunywa. Kliniki anapelekwa na Mama Hidaya.

Nilichojifunza: ukitaka kumjengea mtu kivuli, muulize kwanza atakaa na nani.

Lakini sasa nina shida nyingine, ndiyo maana nimeandika. Baraza linajaa akina mama kuanzia saa nne mpaka magharibi, na mimi mwenye nyumba sina pa kukaa. Hapa naandika nikiwa chumbani, jasho hadi kwenye kope.

Mwenye ushauri wa kivuli kidogo cha mwanamume mmoja, upande wa nyuma, kisichohitaji turubai, aweke hapa chini.