Siku Mama Alipotuhesabu

Enzi zetu, kwenda Kambove kula Noeli kwa bibi halikuwa jambo la asubuhi moja. Tuliondoka mtaani kwetu Bel-Air umande ukiwa bado majanini, watoto saba nyuma ya kamioneti ya baba, juu ya mifuko ya unga, pamoja na kuku aliyefungwa miguu ambaye alitunyea njia nzima. Mjini Likasi tulifika matako yakiuma. Kutoka hapo njia ilianza kupanda milima, na injini ikaanza kukohoa kama mzee mvuta tumbaku.

Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi, lakini miiko ya kwao kaskazini hakuiacha. "Batoto habahesabiwake sawa mbuzi," alikuwa akisema. Kwake yeye, kuhesabu watoto ni kuita msiba. Kwa hiyo kila tulipotaka kuondoka mahali, alitoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Bote muko?" Nasi tunaitika: "Tuko!" Basi, safari inaendelea.

Mwaka huo baba alisimama mlimani ili injini ipoe, mahali penye miti ya masuku. Nani asiyeyakumbuka masuku! Unaliokota tunda chini, unalibonyeza, utamu unakuingia hadi masikioni. Nilikuwa nimemshika mkono Fifi, mdogo wetu wa miaka minne. Nikamwachia ili nijaze mifuko ya kaptula. Baba akapiga honi, tukakimbia. "Bote muko?" Tuliitika "Tuko!" kwa nguvu zote, midomo imejaa, kila mmoja akimjibia mwenzake.

Tulikwisha kuona vilima vya udongo wa mgodi wa Kambove dada mkubwa alipouliza, "Fifi iko wapi?"

Tuligonga paa la kamioneti kama wendawazimu. Baba aligeuza gari. Mama alisali kwa sauti, na mimi nilitupa masuku yangu yote njiani, nikimwahidi Mungu kwamba sitayala tena maishani. Niliyala wiki iliyofuata, lakini Mungu anawajua watoto. Siku hiyo niliogopa kuliko siku nyingine yoyote, maana mkono ule niliuachia mimi.

Tulimkuta ameketi kati ya magunia ya makala ya kupikia, kando ya mama mmoja aliyekuwa akiyauza pale njiani. Amefungwa kitenge, uso wote masuku, wala halii. Yule mama hakutusalimu.

"We mama, unazalaka tu, unasahabu kubahesabu?"

Mama yangu, ambaye sokoni hakuna aliyeuweza ulimi wake, safari hii alitupanga tu kando ya njia, akatugusa vichwa kwa kidole: moja, mbili, tatu... Alipofika saba aliketi chini kwenye vumbi, akacheka huku analia. Nikajisikia mwepesi kama nimetuliwa gunia.

Na msiba haukuja. Sote saba tungali hai, namshukuru Mungu, na Fifi ndiye mwenye kelele kuliko sisi wote.

Siku hizi njia ni lami. Watoto wangu hufika Kambove hawajainua macho kwenye simu; ukiwauliza milima waliiona, wanakutazama kama umewapa mtihani. Sawa, mradi wamefika salama. Ila malori ya madini yanapita pale kwa kasi, hakuna anayemtazama mwenzake. Enzi zetu ukimsahau mtoto mlimani, unarudi unamkuta ameshiba, amefunikwa kitenge cha mtu usiyemjua, na anayegombezwa ni wewe.