Kila Baada ya Sekunde Arobaini

Mnadi wa duka la mashuka linalotazamana na meza yangu ya kutengeneza simu, hapa Kariakoo, aliumwa koo, sauti ikamkauka. Mwenye duka akaniuliza kama hizo programu za simu ninazojifunza kwenye video zinaweza kumsaidia. Nikasema zinaweza. Nilisema upesi kuliko nilivyojua. Shule niliishia kidato cha pili, na nilitaka mtu aone kwamba naweza.

Koo lilipopona tukarekodi sauti ya mnadi mwenyewe. Kazi yenyewe ni ndogo: unaiambia simu, kila baada ya sekunde arobaini cheza sauti hii, nayo inarudia mpaka uiambie acha. Tukaiunganisha na spika ya nje.

"Shuka sita kwa sita, mama karibu ushike mwenyewe!"

Mnadi alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, umenizalia pacha."

Wiki iliyofuata mwenye duka akamwambia awe anakuja Jumamosi tu. Mwenye duka si mtu mbaya, na biashara kweli imekuwa ngumu. Sitaki kumwandika vibaya. Ila spika ilikuwa inaita kutwa nzima kwa sauti ya mtu ambaye hayupo, na mimi nikawa nakula chakula changu nimeipa mgongo.

Siku ya kwanza tu bila mnadi, adhuhuri adhana ikaanza msikiti wa mtaa wa pili. Maduka yakazima miziki kama kawaida. Spika ikaendelea: mama karibu ushike mwenyewe. Mwenye duka alikuwa ndani anatawadha, akatoka mbio mikono inachuruzika, akachomoa waya.

"Mzee, leo unashindana na mwadhini?" muuza juisi akamtania. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo nikakumbuka kwamba mnadi, Mkristo wa kutoka Masasi, alikuwa ananyamaza kila adhana ikianza, wala hakuna aliyemwambia. Nilikuwa namwona kila siku. Hilo sikuliweka kwenye programu kwa sababu sikujua kama nalo ni kazi.

Mwenye duka akaja mezani kwangu.

"Binti, hiki kitu hakiwezi kusimama chenyewe wakati wa adhana?"

Kinaweza. Nyakati za swala zinajulikana, unaziingiza tu, simu inajinyamazia. Ningemaliza kabla ya kufunga meza.

"Hakiwezi, mzee. Kinataka mtu wa kubonyeza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaitazama spika, halafu akatoa simu mfukoni, akampigia mnadi.

Sasa mnadi amerudi. Anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, adhana ikianza anaizima sauti yake, watu wakitoka msikitini anaiwasha. Katikati anakunjua mashuka na kuwaita akina mama kwa mkono. Nadhani amefurahi, sijamuuliza. Naogopa atauliza kwa nini nimeshindwa kitu kidogo vile, maana ataelewa. Na mwenye duka naye ana haki yake. Aliniuliza swali la kweli, nikamjibu uongo, na anayebeba mzigo wa uongo huo ni yeye, si mimi.

Leo asubuhi mzee alinivushia kikombe cha chai ya tangawizi.

"Usijisikie vibaya, binti," akasema. "Najua hukusoma sana. Umejitahidi ulipofikia."

Nikasema asante mzee, nikainywa.