Bereti ya Kichwa cha Guka

Kichwa cha guka, babu yangu, ni kikubwa, na sisemi hivyo kwa kukosa adabu. Kofia za dukani Naivasha humkalia juu kama kizibo cha soda. Kwa hivyo bereti zake zote humtoka mkewe, shosho wangu, mkononi, nyumbani kwao Ndabibi, kuanzia kukata manyoya ya kondoo hadi kile kimkia kidogo cha katikati.

Likizo ya Agosti nilitumwa huko kutoka kwetu mjini, Free Area, niwasaidie kazi. Msaada wangu mkubwa ulikuwa kula. Halafu ndama akaitafuna bereti pekee iliyobaki, wiki ileile ambayo wakwe wangekuja kumposa shangazi yangu.

"Bila bereti, mimi Jumamosi nitakaa jikoni na kuku," guka akatangaza. "Mtaongea na wageni nyinyi wenyewe."

Shangazi akamwangalia shosho. Shosho akavuta kiti karibu na ile mashine yake ya kusokota uzi, ambayo ni gurudumu la baiskeli lililofungwa kwenye ubao. Alisokota siku mbili, akafuma siku mbili. Ijumaa asubuhi akanionyesha kitu kikubwa kama beseni.

"Shosho, hii ni bereti ama ni neti ya mbu?"

"Wewe ngoja. Itaingia ndani."

Ndivyo inavyofanywa. Unaifuma kubwa kupita kiasi, kisha unaifikicha kwenye maji moto na sabuni. Sufu inajikunja, inashikana, mpaka huoni tena mishono na mvua haipiti. Lakini vidole vya shosho vilikuwa vimevimba kwa baridi, kwa hivyo kazi hiyo ikaangukia miguu yangu.

"Uoshe hizo miguu kwanza," akasema. "Halafu kanyaga ukiimba wimbo wa kitabu, beti nne. Ukimaliza, toa, uvalishe sufuria ya ugali. Hiyo sufuria ni saizi ya babu yako. Kama bado ni kubwa, unarudisha, unaimba tena."

Shosho hatumii saa kwa kazi hiyo, anatumia nyimbo za kanisa. Mimi nikaona hiyo ni ya kizamani. Alipoenda kukama, nikawasha simu, nikaweka miksi ya muziki wa nusu saa, nikaingia kwenye beseni. Wasee, nilidansi! Niliongeza maji moto mara mbili ili mambo yaende chapuchapu. Shida ya miksi ni kwamba haina beti. Hakuna mahali inakuambia simama, upime.

Nilipoitoa, ilikuwa ngumu kama kipande cha zulia. Sufuria ilikataa. Nikajaribu birika, ikaenea vizuri sana.

Shosho akarudi na maziwa, akaiangalia, akaniangalia.

"Umemfumia nani? Paka?"

Sufu ikishaingia ndani hairudi, na kufuma nyingine kulihitaji siku ambazo hatukuwa nazo. Akilini nilimwona guka akiwa jikoni na kuku, na shangazi akiwa peke yake mbele ya wazee wa watu.

"Leta makasi," shosho akasema.

Akaikata kutoka ukingoni karibu hadi katikati. Nilipiga kelele nikidhani itafumuka yote, lakini sufu iliyoshikana vile haifumuki hata ukiikata. Kisha akavua shali yake ya kahawia, ile ya kwenda kanisani, akaikata pembe ya kuziba lile pengo.

"Shosho, si hiyo!"

"Mimi nina mabega tu. Yeye ana kile kichwa. Haya, shika sindano. Vidole vyangu vimekataa."

Nilishona mchana kutwa. Nilijidunga, nikalalamika, nikafumua, nikashona tena. Mishono ikatoka kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Guka alipoivaa jioni, akajiangalia kwenye kioo cha ile redio yao kubwa kwa muda mrefu.

"Huku nyuma kuna nini?"

"Ni fasheni, guka," nikasema.

"Ni kazi ya huyu," shosho akasema.

Guka akapapasa ile sehemu ya kahawia, akaguna, akaenda nayo kufungia kondoo.

Jumamosi alisimama langoni akiwa nayo, amejinyoosha, akiwaamkua wakwe mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja kuku. Kabla ya chakula mzee mmoja wa upande wao akaomba tusimame tuombe, na wanaume wote wakavua kofia. Nikajua sasa nimekwisha, wageni wataona kazi yangu. Nilifungua jicho moja. Guka alikuwa ameikumbatia bereti kifuani, kiganja chake kipana kimefunika ule mshono wote, na hakukitoa hapo mpaka amina.