Mgeni Aliyekuja na Kuku

Kwa kugawa vipeperushi, Kahama nzima hakuna wa kunifikia. Shule niliacha mapema, lakini mdomo sikuuacha huko. Juzi nilikuwa natangaza ofisi mpya ya kukodi meza, ile ambayo kila mtu anakuja na kompyuta yake. Sokoni nikampigia goti mama muuza viazi, nikampa kipeperushi kwa mikono miwili ili wenzangu wacheke. "Karibu sana Jumamosi, mama yangu!"

Jumamosi, siku ya ufunguzi, nikiwa pale ofisini, akaja, kitenge kipya, kuku kwapani.

"Mama, umeleta kompyuta?" akauliza dada wa mapokezi.

"Nimealikwa. Na yule kijana pale."

Watu wakaangua kicheko. Dada akanigeukia: "Unamfahamu?"

Mimi, bingwa wa maneno, nikainamia simu. "Hapana."

Mama akanitazama kidogo, kisha akamweka kuku chini taratibu. "Basi nimemfananisha. Lakini kuku mpokeeni, zawadi hairudi nyumbani."

Ndugu zangu, huku kwetu ukimpigia mtu goti ukamkaribisha, anakuja. Mchana yule kuku alipikwa. Waliponiita mezani nikasema nimeshiba, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.