Fatiha ya Baba

Jamani, leo nimemuua babangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilialikwa kusoma mashairi kwenye jumba la sanaa kule Nyali. Shairi langu linamlilia baba. Baba mzima wa afya, yuko Likoni, lakini nikamwita marehemu ili shairi likolee.

Likakolea, wallahi. Watu wakapangusa machozi.

Nilipomaliza, mama mmoja akasimama: "Tumsomeeni Fatiha."

Ukumbi mzima ukainua mikono. Nami nikainua, ningefanyaje?

Ndipo nikamwona baba mlangoni. Amevaa kanzu yake ya Idi, amekuja kunisikiliza bila kuniambia.

Naye kainua mikono. "Amin" yake ndiyo iliyosikika zaidi.

Sasa tuko kwenye feri, bega kwa bega. Nisaidieni jibu, maana tangu Nyali amesema neno moja tu:

"Arubaini yangu ni lini, mwanangu?"