Gauni la Tatu Kutoka Juu

Saa saba kamili mchana cherehani sita zinanyamaza kwa pamoja. Mafundi wanasukuma viti nyuma, wanajinyoosha mpaka viungo vinalia, kisha kila mmoja anainama kutafuta kopo lake la chakula chini ya meza. Wana nusu saa, na hakuna anayetaka kuipoteza kwa maneno.

Chumba ni kirefu, kina madirisha mawili na harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kipya. Vumbi la chaki limetanda mezani, na sakafuni nyuzi zimesambaa kila mahali. Hapa zinashonwa sare za shule, mwaka nenda mwaka rudi, na zimebaki wiki tano tu shule zifunguliwe.

Mwanamke wa kiti cha mwisho, kando ya dirisha, anakula mbio mbio bila kuinua kichwa. Saa saba na dakika kumi amemaliza. Ananawa, anafuta mikono mara mbili kwenye kanga yake, anakwenda kwenye rundo la magauni ya bluu yanayosubiri kupindwa. Anahesabu kwa kidole kuanzia juu: moja, mbili, tatu. Analivuta la tatu.

Leo la tatu ni gauni dogo mno, la mtoto wa darasa la kwanza, limebanwa katikati ya magauni ya wasichana wa darasa la sita. Analigeuza huku na huku. Anautazama mlango wa ofisi uliofungwa, anatikisa kichwa, anarudi kitini na kuvaa miwani yake, ambayo mkono wake mmoja umeshikizwa kwa uzi.

Wenzake wanamwita Mama Pindo. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka tisa kazi yake humu imekuwa moja tu: kupinda. Mwingine anakata, mwingine anaunga, mwingine anatia kola, mwingine anabana marinda. Yeye ndiye wa mwisho, anayekunja ncha ya chini ya gauni vidole vinne kwenda ndani na kuishona kwa mkono.

"Vidole vinne ni vya mtoto kurefuka," anaeleza huku akitia uzi kwenye sindano. "Mzazi hana uwezo wa kununua gauni kila mwaka. Mtoto akipanda, mama anafumua pindo langu, anashusha, maisha yanaendelea. Ukipinda kwa cherehani, kulifumua ni kulia."

Kwa siku anapinda magauni thelathini. Msimu kama huu yanafika arobaini. Analipwa kwa pindo, na mapindo mawili ndiyo yai moja. Asubuhi anatembea dakika arobaini kuja kazini, na jioni arobaini kurudi, kwa sababu nauli ni mapindo mengine.

Lakini katika dakika ishirini zinazobaki za mapumziko yake, Mama Pindo hafanyi kazi ya mtu. Ndani ya ile sehemu itakayokunjwa na kufichwa anatarizi kitu kidogo, ukubwa wa kifungo cha koti. Ndege. Birika. Mwavuli uliofunguka. Kiatu kimoja. Anatumia mabaki ya nyuzi za rangi zinazobaki kwenye nembo za shule. Akishamaliza analikunja pindo, anashona juu yake, na picha inazikwa humo.

Atakayeiona ni mtu atakayelifumua pindo hilo, baada ya miaka miwili au mitatu. Au hataiona mtu.

"Nje ni sare," anasema. "Sare maana yake wote sawa, siwezi kugusa. Ndani hakuna wa kunikagua."

Alifundishwa kutarizi na shangazi yake, angali binti. Alikuwa na mkono mwepesi, watu wakisifia foronya zake. Kisha akaolewa, wakaja watoto wanne, na sindano ikageuka kitu cha kuzibia viraka. Nyumbani kwake, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna kitambaa cha meza alichokianza akiwa na mimba ya kwanza. Kina ua moja na nusu.

"Hiyo mimba sasa ina miaka ishirini na minne na ina ndevu," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Nilikuwa najiambia, watoto wakikua nitapata nafasi. Wamekua. Nafasi yenyewe sijui ilipitia mlango gani."

Siku hizi nyumbani kuna mama mkwe asiyeweza kuinuka kitandani. Anageuzwa kila baada ya saa chache, anaoshwa, analishwa kwa kijiko. Mume ni fundi bomba, hufuata kazi zilipo na huenda mwezi mzima akawa safarini. Mwenye karakana hii ni dada wa huyo mume, yaani mama anayeuguzwa ni mama yake mzazi. Dawa ananunua yeye. Kumgeuza mgonjwa kumemwangukia Mama Pindo, na mzigo wa mwenzio, kama wasemavyo wahenga, ni kanda la usufi.

Mwenye karakana ni mama mwenye sauti ya kutosha vyumba vitatu. Kila mtu humu anamwita Wifi, hata mzee anayekata vitambaa, ambaye hana undugu naye wa karibu wala wa mbali. Kwa miaka tisa Wifi hakujua kinachofanyika kando ya dirisha. Alidhani wifi yake anawahi kazi.

Alijua siku alipokuja mama mmoja na mfuko mweusi.

Mama yule aliingia bila hodi, ameushika mfuko kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili. Akaumwaga juu ya meza ya kukatia. Lilikuwa gauni la binti yake, pindo limefumuliwa, na ndani yake mjusi mwekundu, mkia ameupinda.

"Mmemfungia nini mwanangu humu?" akauliza. "Nasema, nani anamroga mwanangu? Ndiyo maana hesabu hazipandi!"

Cherehani zilisimama. Mzee wa kukata akarudi nyuma hatua mbili, mkasi mkononi. Wifi akaapa kwa kila kiapo anachokijua kwamba hapa pana biashara tu, uchawi hapana. Ndipo ikasikika sauti kutoka kiti cha mwisho.

"Ni wangu mimi, dada. Ni mjusi tu."

"Mjusi tu!" yule mama akamgeukia. "Mtu mwenye nia njema anaficha mjusi?"

Swali hilo Mama Pindo anajiuliza mpaka leo.

Mama yule alikwenda zake na gauni jipya la bure. Wifi akafunga mlango.

"Yako mangapi huko nje?"

"Sijahesabu, wifi."

"Kadiria!"

"Moja kwa siku, kwa miaka tisa. Kuna siku nachoka, siweki. Labda elfu mbili."

Wifi alikaa juu ya furushi la kitambaa. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema kwa sauti ndogo ambayo mafundi hawajawahi kuisikia tena. "Na wa kwao ndiye mimi."

Magauni yote ya stoo yakafumuliwa na kukaguliwa. Ilichukua siku mbili. Yalipatikana kumi na moja yenye picha, na Wifi akayatoa nyuzi mwenyewe kwa wembe. Amri ikawa moja: uzi wa rangi usionekane tena kwenye kiti cha mwisho.

Mama Pindo alitii. Saa saba akawa anakula polepole, kisha anajilaza chini ya meza kama wenzake.

"Nakula, kisha nalala," anakumbuka. "Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Watu wanadhani kutarizi kunanipumzisha. Hakunipumzishi! Mgongo ni uleule, macho ni yaleyale. Ila uchovu wa mapindo thelathini ni wa Wifi. Ule wa dakika ishirini ulikuwa wangu. Nikawa sina hata uchovu wangu."

Yangeishia hapo, lakini yule mama wa mjusi hakuwa na mdomo wa kufunga. Alisimulia getini kwa shule, wazazi wakasimulia majumbani, na wasichana wakasikia walichotaka kusikia: kwamba kwenye mapindo kuna vitu. Ndani ya wiki tatu barua ilifika kutoka shuleni. Wanafunzi walikuwa wanafumua magauni yao darasani kwa ncha za kalamu na bikari, kila mmoja akitafuta chake. Nusu ya darasa la tano ilikuwa inatembea na pindo linaburura.

Magauni yakaanza kurudi. Yalikuja mia moja na kumi na mawili, na Wifi, kuokoa jina la karakana, akakubali yapindwe bure. Bure kwa wazazi, yaani. Yapindwe na nani, lini?

"Saa yako ya chakula," alimwambia wifi yake. "Ulipotolea haya, ndipo utakapoyarudishia."

Mawili kwa siku, wiki tisa na ushee. Zile dakika ishirini zikaliwa zote na makosa yake mwenyewe. Alikuwa anamaliza kula akiwa ameshashika sindano, na siku nyingine hakula. Vidole vilimvimba hata kastabini ikagoma kuingia. Mara mbili alisinzia akajichoma, na gauni moja likaenda shuleni na nukta ya damu ndani.

Katika yote mia moja na kumi na mawili, tisa tu yalikuwa na picha. Mengine matupu. Jumamosi moja wasichana walikuja kuchukua yao, na mmoja akasimama mbele yake akamwambia bila haya, "Langu halikuwa na kitu." Mwingine aling'ang'ania lake kifuani: "Bibi, usiniharibie mwavuli wangu." Alikuwa mtu wa kwanza katika miaka tisa kumshukuru, kama ile ilikuwa shukrani.

"Nilifurahi," anasema Mama Pindo, "lakini sivyo nilivyotaka. Walifumua kwa papara. Mimi sikuweka vile vitu vitafutwe."

Gauni la mwisho lilipindwa wiki mbili zilizopita. Siku hiyo Wifi alimwita ofisini, akafunga mlango, na Mama Pindo akajua kazi imekwisha. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya nani ataajiri fundi wa pindo wa umri wake.

Juu ya meza palikuwa na sare kuukuu, zimefifia kwa kufuliwa. Zilikuwa za binti wa Wifi, ambaye sasa ni mtu mzima na ana mtoto. Wifi alikuwa amezihifadhi sandukuni. Mapindo yake yote yalikuwa yamefumuliwa, moja baada ya jingine, yakaachwa yananing'inia.

"Miaka yake miwili ya mwisho shuleni mwanangu alivaa magauni uliyoyapinda wewe," Wifi alisema. "Watoto wa watu wana ndege, wana miavuli. Mtoto wangu mimi, damu ya mumeo, hukumwekea hata sisimizi?"

Mama Pindo anasema hapo ndipo alipoona kwamba Wifi alikuwa amelia.

"Wifi, mimi sichagui," alimjibu. "Nachukua la tatu kutoka juu. Likiwa la nani, ni lake. Nikianza kuchagua, kila siku nitamwekea mtoto wa mtu ninayemtaka kitu, na itakuwa kazi nyingine."

Wifi alizikunja sare zile, akazirudisha kwenye mfuko. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Moja kwa siku. Saa ya chakula. Na mijusi marufuku."

Ndiyo sheria mpya ya karakana. Haikuandikwa popote, lakini mzee wa kukata humkumbusha kila mchana kwa kumwuliza kama kinyonga anahesabiwa mjusi au la. Malipo ya pindo hayajabadilika. Mama mkwe bado anageuzwa. Leo asubuhi Mama Pindo ametoka nyumbani baada ya kufua mashuka mawili, na macho yake, nyuma ya ile miwani yenye mkono wa uzi, ni mekundu.

Saa saba na dakika ishirini na nane. Ndani ya pindo la gauni dogo kuna ua, la manjano, lenye petali tano. Analiinua dirishani kulikagua. Anakunja vidole vinne, anaanza kushona juu yake, na ua linatoweka kidogo kidogo kuanzia kushoto.

Hajaambiwa gauni ni la nani. Ila kabla tu ya saa saba, anasema, mafundi wakiwa wameinamia cherehani, alimwona Wifi amesimama kwenye rundo, anahesabu kwa kidole. Na mjukuu wa Wifi anaanza darasa la kwanza muhula ujao.

"Wifi akikuuliza, mwambie hukuona," anamwonya mwandishi wa habari hii. "Na mimi sikuona. Nimechukua la tatu."

Akiulizwa ana mpango gani, hasemi kufungua duka wala kununua cherehani. Anafikiri, sindano imesimama hewani.

"Nataka niwepo siku likishushwa. Si kufumuliwa kwa kalamu. Lishushwe kwa sababu mtoto amerefuka." Anavua miwani, anafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Miaka mitatu hivi. Mgongo ukinivumilia."

Saa saba na nusu. Cherehani zinaanza tena, na anaweka gauni dogo upande wa yaliyokwisha, chini kabisa.