Kikombe Nilichokigeuza Milimani

Tulikuwa watano sebuleni kwangu Jumapili ile baada ya kanisa, hapa juu kidogo ya Mai Mahiu. Mimi mwenye nyumba. Binti yangu, anayefunga maua kwenye shamba la maua kule Kamere, alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mtoto wake wa kwanza, mjukuu wangu wa kike, mwaka wa pili chuo kikuu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alitoka kwake, mtaa wa Milimani, na koti lake la kanisa. Na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, ambaye ni jirani tu, aliyeitwa na shemeji bila kuniuliza. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao. Siyaandiki kwa sababu mjukuu ameniomba, na wenyewe watajijua.

Mjukuu alikuwa amekaa nyumbani kwangu mwezi mzima na chuo hakijafungwa. Analala tu. Nywele hachani, ukimpa chakula anazungusha kijiko. Lakini kila siku saa kumi jioni anaweka waya za simu masikioni, anaandika kwa daftari. Nikamuuliza ni nini. Akatoa waya mmoja, akaniwekea sikioni.

Yalikuwa masomo ya mtandaoni ambayo chuo chao kiliwaanzishia wanafunzi, kuhusu magonjwa ya akili: utayajuaje, useme nini, umwambie nani. Mwalimu alichanganya Kiingereza na Kiswahili, mtoto akinitafsiria. Mimi niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nilikuwa nimerudi shule. Tulisikiza masomo manne, kila mtu na waya wake. Baada ya la nne kila mwanafunzi angepigiwa simu na mshauri, Jumanne, azungumze naye peke yake.

"Shosho, hiyo siku nitasema yote," aliniambia.

Jumapili ile shemeji hakuuliza hayo.

"Chuo gani hiyo inasomewa kitandani?" alisema.

"Mzee, mtoto ni mgonjwa," binti yangu akajaribu.

"Mgonjwa wa nini, na mashavu iko sawa? Huyu ni uvivu, na anajifanya. Hii simu ndiyo inamharibu."

Mwenyekiti akaitikia, "Na mapepo yanaingilia hapo hapo kwa simu. Mimi nimeona."

Shemeji akanyoosha mkono. Kwetu mkubwa wa ukoo akinyoosha mkono, unampa kitu kwa mikono miwili. Mtoto akampa simu kwa mikono miwili. Mimi nilisimama na birika, nikanyamaza, kwa sababu nilifundishwa kwamba mjane habishani na watu wa mume wake mbele ya mtu wa nje. Kunyamaza huko ni kosa langu, na sitamwachia mtu mwingine alibebe.

Jumatatu mtoto hakuamka. Jumanne alikuwa amegeukia ukuta. Nikakumbuka somo la tatu: uliza wazi, kumuuliza mtu si kumpandia wazo hilo. Nikakaa kitandani, nikamshika mguu juu ya blanketi.

"Mama, unafikiria kufa?" nikamuuliza.

Aligeuka kutoka ukutani, akanitazama.

"Ndiyo, Shosho."

Sikulia. Somo lilisema usimwache peke yake. Nilimwita binti yangu kutoka shambani, nikamwambia akae pale na asitoke hata kuteka maji, nikafunga kitambaa, nikaenda Milimani.

Shemeji alikuwa na wageni, wazee wenzake wa kanisa, kwa viti vya nje kwenye nyasi. Mke wake akanimiminia chai. Kwetu mgeni hasemi shida yake kabla ya chai, na anayekataa chai ya ndugu ametangaza ugomvi. Nikamwaga ile chai kwenye nyasi, nikakigeuza kikombe juu ya sahani, mdomo chini.

"Shemeji, kunywa kwanza," mdogo wa mume wangu akaniambia.

"Sinywi. Nimekuja kuchukua simu ya mtoto."

"Hayo ni mambo ya nyumbani, tutaongea baadaye."

"Wewe uliongea mbele ya jirani. Mimi naongea mbele ya hawa."

Nikawaambia yote: uvivu, kujifanya, mapepo, na simu ya mshauri ambayo leo italia ndani ya nyumba hii bila mtu wa kuishika. Mzee mmoja aliweka kikombe chake chini polepole.

"Hayo masomo," akauliza, "mzazi pia anaweza kusikiza? Kijana wangu hatoki chumbani."

Uso wa shemeji niliuona. Ninautazama hata leo nikitaka kufurahi.

Alienda ndani, akarudi na simu, imezimwa. Nilinyoosha mkono mmoja. Mbele ya wazee wake akanipa kwa mikono miwili.

Mshauri tulimpata kabla jua halijashuka. Mtoto alisema yote, akapelekwa kwa daktari, akarudi chuo muhula uliofuata. Siku zingine ni mbaya bado. Lakini juzi aligombana nami juu ya ugali mgumu, nikashukuru Mungu.

Krismasi shemeji alikuja kwangu. Nilimweka kwenye kiti kile kile alichokalia siku ile, nikafungulia somo la pili kwa sauti kubwa, lile la maneno ambayo hayafai kuambiwa mgonjwa. Yake yote yalikuwemo. Birika lilikuwa mezani, linapoa, na sikumimina mpaka mwalimu akamaliza. Akaniomba msamaha. Nikamwambia mwenye kusamehe ni mtoto, yuko jikoni, anachambua mchele. Hakuenda. Mchungaji huniuliza kama nimeachilia. Namwambia bado.

Sasa nyinyi mliokuwepo, mimi ni mzee na kichwa ni kimoja. Kama nimewaweka kwenye viti visivyo vyenu, nirekebisheni. Mwenyekiti, kama hukusema mapepo, njoo uniambie hapa, mtoto akisikia. Na wewe shemeji, kama ulinipa simu kwa mkono mmoja, njoo unisahihishe. Chai utaipata ukitoka jikoni.